Hamsini kwa hamsini: McDonald's na Vikram Bakshi walivyofungiana milango kaskazini mwa India

Mwishoni mwa Juni 2017, migahawa 43 kati ya 55 ya McDonald's jijini Delhi ilifungwa kwa mkupuo. Hakukuwa na mgomo wala mlipuko wa ugonjwa, na wateja hawakuwa wamekimbia. Leseni za kuendesha nyumba za chakula zilikuwa zimefika mwisho wa muda wake na hazikuhuishwa. Wafanyakazi wapatao 1,700 wakajikuta hawana pa kuingia kazini kwa sababu ya karatasi ambayo hata mwenye banda la chipsi anajua lazima iwe ukutani siku zote.

Kampuni ya ukubwa ule inashindwaje kuhuisha leseni? Jibu limo ndani ya bodi yake ya wakurugenzi, iliyokuwa imegawanyika pande mbili zenye nguvu sawa kwa karibu miaka minne. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu migogoro ya franchaizi, yaani biashara ya kukodi jina na kanuni za kampuni nyingine, huelezwa mara nyingi kama suala la tabia: huyu mlafi, yule mkaidi. Ukikipitia kisa cha Delhi hatua kwa hatua, unaona kwamba ugomvi uliandikwa kwenye karatasi za ubia wenyewe, zamani sana, wakati pande zote mbili bado zinapendana.

Mwanzo wake

McDonald's ilipoamua kuingia India katikati ya miaka ya 1990, iliigawa nchi mara mbili. Magharibi na kusini ilimpa Amit Jatia kupitia kampuni ya Hardcastle Restaurants. Kaskazini na mashariki ikampa Vikram Bakshi, mfanyabiashara wa majengo na ardhi wa Delhi. Mwaka 1995 Bakshi na McDonald's waliunda kampuni ya ubia, Connaught Plaza Restaurants, kila upande ukishika asilimia 50 ya hisa. Oktoba 1996 mgahawa wa kwanza ukafunguliwa Vasant Vihar, Delhi.

Haikuwa kazi nyepesi. India ni nchi ambayo mamilioni ya watu hawali nyama ya ng'ombe, wengine hawali nguruwe, na wengi hawali nyama kabisa. Kampuni iliyojengwa juu ya mkate wa nyama ya ng'ombe ililazimika kujifunza upya: viazi vilivyopondwa na kutiwa viungo vikachukua nafasi ya nyama ndani ya mkate, jiko la mboga likatengwa na jiko la nyama, na mtandao wa wakulima, viwanda na magari ya baridi ukajengwa kabla hata mgahawa wa kwanza haujafunguliwa. Katika hali hiyo mbia mwenyeji hakuwa pambo. Alijua viwanja, alijua ofisi za serikali, alijua ladha za watu. McDonald's ilikuwa na jina, kanuni za jikoni na uzoefu wa miongo. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na kugawana nusu kwa nusu kulionekana kuwa ni haki.

Hapo ndipo mimi naweka kidole kwanza. Hisa nusu kwa nusu hupendwa sana na wabia wanaoanza, hata huku kwetu, kwa sababu hakuna anayejiona mdogo. Siku ya furaha hazina tatizo. Siku ya kutofautiana hakuna mwenye kura ya uamuzi, na kampuni inabaki imesimama. Ubia wa namna hii unahitaji, tangu siku ya kwanza, kifungu kinachosema nani anavunja sare na kwa njia gani. Pale Delhi, jambo hilo liliishia mahakamani.

Kofia tatu juu ya kichwa kimoja

Bakshi hakuwa mnunuzi wa franchaizi wa kawaida, yule anayelipa ada, anafungua duka na kufuata kitabu cha maelekezo. Alikuwa mwanahisa wa nusu ya kampuni. Alikuwa pia mkurugenzi mtendaji wake. Na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoshika leseni ya kutumia jina la McDonald's. McDonald's nayo ilikuwa na sura mbili: mwenye jina anayedai mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lake, na mwanahisa mwenzake anayetarajia faida.

Hebu tuyatazame maslahi hayo kwa karibu. Mrabaha katika franchaizi nyingi hukatwa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Chukua mfano wa mgahawa unaouza shilingi milioni 40 kwa mwezi, ukatumia milioni 36 kwa chakula, mishahara, kodi ya pango na umeme, na ukalipa mrabaha wa asilimia 5. Inabaki milioni 4, mrabaha unachukua 2, mwenye mgahawa anabaki na 2. Sasa mwenye jina anaagiza ofa: punguzeni bei, watu waje. Watu wanakuja kweli, mauzo yanapanda hadi milioni 44, lakini gharama zinafika 41. Inabaki milioni 3. Mrabaha sasa ni milioni 2 na laki 2. Mwenye mgahawa anaondoka na laki 8. Mwenye jina amepata zaidi ya mwezi uliopita, na aliyekesha jikoni amepoteza zaidi ya nusu ya faida yake. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, hesabu ndiyo inayowagombanisha. Huko Marekani, mwaka 2009, chama cha wenye migahawa ya Burger King kiliishtaki kampuni yao kwa jambo la aina hii hii: walilazimishwa kuuza mkate wa nyama mbili na jibini kwa dola 1, huku wakisema kuutengeneza kunawagharimu zaidi ya dola hiyo. Kesi ile ilimalizwa kwa makubaliano.

Kwa Bakshi mvutano ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu mdai wa mrabaha alikuwa pia amekaa naye kwenye bodi, na yeye mwenyewe alikuwa meneja, mmiliki na mkodishwaji wa jina kwa wakati mmoja. Swali la utendaji (je, anaendesha vizuri?) na swali la umiliki (nusu yake ina thamani gani?) yaliunganishwa na kifungu kimoja cha mkataba wa ubia: Bakshi akiacha kuwa mkurugenzi mtendaji, McDonald's ilipata haki ya kununua hisa zake.

Kifungu hicho ndicho mzizi wa yote yaliyofuata. Maana yake ni kwamba kura ya kawaida ya kumwongezea mtu muda wa uongozi ilikuwa, papo hapo, kura ya kumtoa au kutomtoa katika mali yake. Hakuna mwenye nusu ya kampuni atakayeipokea kura kama hiyo kwa utulivu.

Bei

Kwa maelezo ya Bakshi mbele ya mahakama, McDonald's ilitaka kununua hisa zake tangu mwaka 2008, ikianza na dola milioni 5 na kupanda hadi milioni 7. Yeye alitaka milioni 100. Pengo hilo si la kupatana kwa chai mbili. Pande zilizotofautiana kidogo juu ya thamani huweza kukutana katikati. Hawa walikuwa wanahesabu vitu tofauti kabisa. Mmoja anaweza kupima kampuni kwa faida iliyopata hadi leo, mwingine kwa soko la India ya kaskazini linavyokuja kuwa kesho. Njia zote mbili zina watetezi wake, na ndiyo maana kanuni ya kukokotoa bei inatakiwa kukubaliwa kabla mtu hajajua yeye atakuwa muuzaji au mnunuzi.

Agosti 2013 muda wa Bakshi kama mkurugenzi mtendaji ulifika mwisho na bodi haikumchagua tena. McDonald's ilisema alikuwa akishughulika na biashara zake nyingine kuliko mkataba ulivyoruhusu. Bakshi alisema ni hila ya kumnyang'anya kampuni kwa bei ya kutupa, akaenda kwenye chombo cha serikali kinachoshughulikia kesi za makampuni akilalamikia ukandamizaji wa mwanahisa. McDonald's kwa upande wake ikapeleka madai London, kwenye mahakama ya usuluhishi wa kimataifa, kama mkataba ulivyoelekeza. Mgogoro mmoja ukawa na mabaraza mawili katika nchi mbili, kila moja likiuliza swali lake. Delhi waliulizwa: je, mwanahisa huyu ameonewa? London waliulizwa: je, mkataba unamlazimu kuuza? Yote mawili yangeweza kujibiwa ndiyo, na ndivyo ilivyotokea.

Julai 2017, wiki chache tu baada ya migahawa 43 kufungwa, baraza la India la kesi za makampuni lilitoa uamuzi: kutomchagua Bakshi kulikuwa kinyume cha haki, arudishwe kwenye nafasi yake, na McDonald's isiingilie uendeshaji wa kampuni. Liliteua pia jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, G. S. Singhvi, kuwa msimamizi mwenye haki ya kupiga kura kwenye bodi. Hatimaye sare ilipata wa kuivunja, miaka 22 baada ya ubia kuundwa. Septemba mwaka huohuo usuluhishi wa London ukasema mkataba unasimama na Bakshi auze hisa zake kwa McDonald's kwa bei ya haki.

Narudi kwenye zile leseni. Mtu anaweza kuuliza kama upande mmoja uliacha makusudi ziishe. Sihitaji kudhani hivyo, na sitadhani. Bodi yenye wakurugenzi wa pande mbili wasioaminiana huchelewesha mambo bila mtu yeyote kukusudia uovu: nani atie saini, nani aidhinishe malipo, nani abebe lawama iwapo mkaguzi atakuta kasoro jikoni. Kila karatasi inakuwa ushahidi wa kesi. Katika hali hiyo kazi ndogo ndizo zinazokwama kwanza, na kuhuisha leseni ni kazi ndogo mpaka siku ilipoisha.

Mwenye jina anapovuta jina lake

Agosti 2017 McDonald's ilitumia silaha ambayo mwenye jina pekee anayo. Ilivunja mikataba ya franchaizi ya migahawa 169 iliyokuwa chini ya Connaught Plaza, ikitaja uvunjaji wa masharti ikiwemo kutolipwa mrabaha, na ikatoa siku 15 za kuondoa jina, nembo na mapishi yake. Baraza la India lilikuwa limesema isiingilie kampuni. Yenyewe ilisema inalinda jina lake, na hilo ni jambo jingine. Kisheria hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kibiashara ilimaanisha kwamba mkurugenzi aliyerudishwa kwa amri ya mahakama alikuwa amerudishwa kwenye nyumba isiyo na jina mlangoni.

Bakshi hakushusha nembo. Migahawa iliendelea kuuza chini ya matao yale ya njano, mteja anayeingia kununua soda na viazi akiwa hana habari kwamba mwenye jina amekwisha kuikana sahani aliyowekewa mezani.

Kisha likaja pigo la tatu, na hili halikutoka kwa yeyote kati ya wagomvi. Desemba 2017 kampuni ya Radhakrishna Foodland, iliyokuwa ikisambaza bidhaa kwa migahawa hiyo, ilisimamisha huduma. Ilieleza kuwa kiasi cha mzigo kimepungua, kuna malipo yaliyokuwa hayajalipwa, na mustakabali wa kampuni haueleweki. Migahawa takriban 80 ikafungwa, mingi yake ikiwa mashariki mwa nchi. Bakshi alitafuta msambazaji mwingine, na milango ikaanza kufunguliwa tena. McDonald's ikatoa tahadhari kwa umma Januari 2018: haijahakiki mnyororo huo mpya, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha ubora wa chakula kinachouzwa kwa jina lake.

Jambo hili la usambazaji linastahili kutazamwa kwa makini, maana ndipo franchaizi hutofautiana na duka la kawaida. Mwenye duka akikosana na muuza unga, kesho anakwenda kwa mwingine. Aliyekodi jina hawezi, kwa sababu mkate, mafuta, viazi na hata karatasi za kufungia lazima vitoke kwa waliothibitishwa. Wakenya waliliona jambo hili Januari 2022, pale KFC ilipoishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa baharini. Kaunti ya Nyandarua imejaa viazi, wakulima wanalalamika hawana soko, na mgahawa mjini Nairobi unampa mteja ugali badala ya chipsi. Hasira za watu mitandaoni zilieleweka kabisa. Lakini mwendesha migahawa hakuwa na ruhusa ya kupiga simu Ol Kalou, huko Nyandarua, na kuagiza magunia. Mkulima alitakiwa kwanza kuthibitishwa na mfumo wa mwenye jina. Kenya hakukuwa na ugomvi, kulikuwa na meli iliyochelewa, na bado chipsi ziliisha. India kulikuwa na ugomvi, na msambazaji alipoondoka nusu ya mtandao ukazima.

Upande wa pili wa nchi

Anayesema tatizo ni McDonald's, au ni India, au ni wageni na wenyeji kutoelewana, ana kazi ya kueleza habari za Amit Jatia. Jina ni hilohilo, nchi ni hiyohiyo, mwaka wa kuanza ni huohuo, na mfumo wa awali ulikuwa huohuo wa nusu kwa nusu. Magharibi na kusini hakukuwa na kesi ya namna hii.

Tofauti kubwa ninayoiona ni ya mwaka 2010. Ubia wa Jatia ulibadilishwa: alinunua hisa za McDonald's na kuwa mwenye leseni kamili wa eneo lake. Kuanzia hapo mtaji ulikuwa wake, hasara ilikuwa yake, uongozi ulikuwa wake, na McDonald's ikabaki na jina, kanuni na mrabaha. Hapakuwa tena na bodi ya kugawana. Kama angeshindwa kufuata kanuni, swali lingekuwa moja tu, la leseni, bila kuchanganywa na nani ana thamani gani katika hisa.

Sisemi kwamba haiba za watu hazikuchangia. Zilichangia, kama kawaida. Ila muundo wa Jatia ulizipa haiba hizo nafasi ndogo ya kuharibu, na muundo wa Bakshi uliziweka kwenye usukani. Tena kaskazini bei iligombewa kwa miaka mitano kabla ya kura ya 2013. Muda wote huo pande mbili zilikuwa zinafungua matawi mapya pamoja, na kila tawi jipya lilizidisha thamani ya kile walichokuwa hawajakubaliana bei yake.

India haina sheria maalumu ya franchaizi, sawa na Kenya na Tanzania. Mambo huendeshwa kwa sheria za mikataba, makampuni na alama za biashara. Hivyo mtu anayekodi jina Dar es Salaam au Mombasa yuko katika hali ileile ya Bakshi ya 1995: kinga aliyonayo ni ile aliyoiandika. Nimeona wenzetu wakisoma ukurasa wa ada na ukurasa wa eneo, kisha wakatia saini. Kurasa za kuachana huwa mwisho, kwa herufi ndogo, baada ya mtu kuchoka. Huko ndiko kunakosemwa jina likiondolewa vifaa vya jikoni ni vya nani, pango la jengo linalipwa na nani, shehena iliyoko ghalani inauzwa kwa nani, na wafanyakazi wanadai kwa nani mafao yao.

Wafanyakazi ndio walionisumbua zaidi katika kisa hiki. Jina lao halikuwa kwenye hati yoyote ya madai. Hawakuwa na hisa, hawakuwa na kura, na kila hatua ya wakubwa iliwaangukia: leseni zilipokwisha walikuwa wao, msambazaji alipoondoka walikuwa wao.

Mwisho wa ubia

Mei 2019 McDonald's na Bakshi walimalizana nje ya mahakama. McDonald's ilichukua asilimia 50 zake na kuwa mmiliki wa Connaught Plaza yote. Bei haikutangazwa, kwa hiyo hatutajua kama ilikuwa karibu na milioni 7 au karibu na milioni 100. Hatua ya kwanza ya mmiliki mpya ilikuwa kufunga migahawa yote, zaidi ya 160, ili kukagua majiko na kuwafundisha watu upya. Baada ya majuma mawili hivi ilianza kufungua kidogo kidogo, 13 kwanza, Delhi na maeneo yanayoizunguka.

Mwaka uliofuata kampuni ilikabidhiwa kwa mbia mpya wa kaskazini na mashariki, Sanjeev Agrawal wa kundi la MMG, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likijaza chupa za Coca-Cola nchini India. Ni mtu aliyezoea kufanya kazi chini ya jina la mwingine na kanuni za mwingine. Aliingia kama mwenye leseni, kwa mfumo wa aina ile aliyokuwa nao Jatia tangu 2010. Nusu kwa nusu haikurudiwa.